UKURASA WA KAZI NA NYUMBA: Freni ya pikipiki ikiwa laini



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya sheni. Mwezi huu tumepokea swali la kijana mmoja motari anayepandisha na kushusha watu kati ya Rurambo na bonde. Ameandika hivi:

«Pasta, freni yangu ya mbele imekuwa laini kama andazi. Naikamata, inaingia mpaka ku gidoni. Nikiipiga mara mbili tatu, inarudia nguvu. Asubuhi iko muzuri, lakini nikishuka na mutu na muzigo, karibu kufika chini inapotea kabisa. Fundi aliniambia nibadilishe plaketi. Nikabadilisha, ugonjwa ungali pale pale. Nifanye namna gani?»

Kijana wetu, umefanya vizuri kuuliza mbele ya kuanguka. Na umeeleza vizuri, kwa maana ndani ya maneno yako dawa imekwisha kuonekana. Tutakujibu, lakini tutaongea na wengine pia, wale wenye pikipiki za namna ingine, na wazazi wanaomiliki pikipiki na kuzitoa kwa vijana.

Mteremko unaomba nini?

Maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Milima iliyo nyuma ya Uvira inapita mita 2000. Basi mutu anayetoka juu na kushuka bondeni anashuka mita elfu moja na zaidi kwa safari moja. Tufanye hesabu kidogo. Pikipiki ina kilo 120, motari kilo 70, mama aliyepanda nyuma kilo 60, na mfuko wa maharagi kilo 50. Jumla ni kilo 300. Uzito huo ukishuka mita 1000, nguvu yake yote ni lazima iende mahali fulani. Ikiwa freni peke yake ndiyo inaizuia, nguvu ile inageuka kuwa joto ndani ya freni. Joto hilo linaweza kuchemsha maji ya baridi zaidi ya lita 8. Wazia sufuria kubwa ya lita 8 inayotokota, halafu joto lote lile limeingia katika vyuma vidogo vya gurudumu. Ndiyo sababu freni inayotosha kule Uvira mjini, kwenye barabara ya tambarare, haitoshi kwa mtu wa Rurambo.

Freni ziko za namna mbili

Namna ya kwanza ni tamburi. Ndani ya gurudumu kuna vipande viwili vya nusu duara, tunaviita garnitiri. Ukivuta mkono ao ukikanyaga pedali, kable ao fimbo ya chuma inavuta kimkono kidogo, nacho kinatanua garnitiri zisugue tamburi kwa ndani. Hapa hakuna mafuta. Yamaha AG 100 ya zamani, ambayo watumishi wengi wa makanisa na wa mashirika waliitumia, ina tamburi mbele na nyuma. Boxer na TVS nyingi zinazobeba watu kwetu pia ni za tamburi.

Namna ya pili ni disiki. Unaona sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na plaketi mbili zinaibana kulia na kushoto. Hapa nguvu ya mkono inapitishwa na mafuta. Kwenye gidoni kuna kikopo cha mafuta na pompa ndogo, halafu tiyo inashuka mpaka kwenye pistoni inayosukuma plaketi. Pikipiki nyingi zina disiki mbele na tamburi nyuma.

Basi swali la kwanza kwa kila mgonjwa ni hili: freni yako ni ya kable ao ya mafuta? Kwa maana neno «laini» halina sababu moja kwa zote mbili.

Mkono wako ni daktari: freni ya mafuta

Mbele ya kununua kitu, simamisha pikipiki, kamata freni na usikilize vile mkono unavyosema.

Mkono ni laini, na ukiupiga mara kadhaa unarudia nguvu. Mara nyingi ni hewa iliyoingia ndani ya mafuta. Mafuta hayaminyiki, lakini hewa inaminyika. Ukivuta, nguvu yako inapotelea katika kuminya mapovu, haifiki kwenye plaketi. Hewa inaingia wakati kikopo kimekauka, ao wakati fundi amefungua tiyo na kuifunga bila kutoa hewa.

Mkono unashikilia kwanza, halafu unazama polepole mpaka kwenye gidoni. Mafuta yanatoroka. Tafuta unyevu kwenye maungio ya tiyo, karibu na pistoni, na chini ya pompa ya juu. Usipoona kitu nje, basi mpira wa kuziba ulio ndani ya pompa umechoka, na mafuta yanapita kando yake kurudi kikoponi. Pikipiki hii isibebe mtu tena mpaka itengenezwe.

Mkono ni mzuri asubuhi, lakini unakuwa laini baada ya kushuka. Mafuta yamezeeka na yameingiwa na maji, kisha joto linayachemsha. Tutaeleza zaidi hapa chini.

Mkono ni mgumu, lakini pikipiki haisimami. Hapa hakuna hewa. Plaketi zimeingiwa na mafuta, ao zimeungua na kungʼaa kama kioo, ao pistoni imeshikwa na kutu. Plaketi zilizokunywa mafuta hazioshwi kwa sabuni wala kwa petroli, maana mafuta yanabaki ndani. Zitupwe. Lakini mbele ya kuweka mpya, tafuta mafuta yale yalitoka wapi. Mara nyingi yanatoka kwenye amortisa ya mbele inayovuja.

Mkono unatetemeka ao unasukumwa nyuma na kurudi. Disiki imepinda. Zungusha gurudumu juu ya stendi, utaiona inacheza huku na huku. Disiki iliyopinda inasukuma pistoni nyuma, na mkono unakuwa mrefu.

Angalia vilevile tiyo. Tiyo ya mpira ikizeeka inapasuka-pasuka kwa nje, na ukikamata freni inavimba. Mwambie mwenzako avute mkono kwa nguvu na wewe ukamate tiyo kwa vidole. Ukisikia inavimba, ibadilishwe.

Maji ndani ya mafuta

Mafuta ya freni yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, polepole, hata kama kikopo kimefungwa. Ndiyo sababu mafundi wanaomba yabadilishwe kila miaka 2. Kwetu mvua inanyesha miezi mingi, toka Septemba mpaka Mei, na pikipiki zinavuka mito.

Maandishi kwenye chupa yana maana. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mbele ya digri 205, lakini ikiisha kunywa maji inaweza kuchemka kwenye digri 140. DOT 4 mpya ni digri 230, na yenye maji ni 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika kama hewa. Hapo ndipo mkono unaingia mpaka kwenye gidoni, na ni katikati ya mteremko, mahali unapouhitaji zaidi. Ukisimama na kungoja, freni inarudi. Motari anafurahi, anasema, «Imepona.» Haijapona. Kesho, kwenye kona ile ile, itapotea tena.

Nunua chupa ndogo iliyofungwa bado. Hapana kununua mafuta ya kupimiwa katika chupa ya maji, maana huwezi kujua ni nini wala yalifunguliwa lini. Soma kifuniko cha kikopo chako, kimeandikwa DOT 3 ao DOT 4. Usitie DOT 5 ndani ya mfumo wa DOT 4, maana ni mafuta ya namna ingine kabisa. Na hapana kutia mafuta ya injini, mazutu, ao mafuta ya kupikia, hata kwa siku moja tu. Mafuta ya injini na mazutu yanavimbisha mipira ya ndani na kuiharibu, na baadaye utanunua pompa nzima badala ya chupa moja.

Namna ya kutoa hewa

Kijana wetu, dawa yako ni hii. Inaomba watu wawili, ufunguo wa visi ya kutoa hewa (mara nyingi ni namba 8), tiyo ndogo inayoonekana ndani, chupa safi, chupa ya mafuta mapya, na kitambaa. Funika tanki kwa kitambaa, maana mafuta ya freni yanakula rangi. Yakianguka, mwaga maji pale pale.

Kwanza, simamisha pikipiki, geuza gidoni mpaka kikopo kilale sawa, futa vumbi na kufungua kifuniko. Chafu isiingie.

Pili, vika tiyo kwenye visi ya kutoa hewa iliyo karibu na pistoni, na uchovye ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, ili hewa isirudi nyuma.

Tatu, mwenzako avute mkono polepole mara 3 ao 4, halafu aushike akiwa ameuvuta, asiuachilie.

Nne, wewe ufungue visi robo ya mzunguko. Mkono utazama na mafuta yatatoka na mapovu. Funga visi wakati mkono ungali umevutwa. Ndipo umwambie, «Achilia.» Akiachilia mbele ya wewe kufunga, hewa inaingia upya na kazi yote ni bure.

Tano, rudia hivyo mpaka mafuta meusi yaishe, mapya yatoke, na mapovu yasionekane tena. Kila mara ya tatu ao ya nne angalia kikopo na kuongeza. Kikikauka, unaanza tena toka mwanzo.

Mwisho, kaza visi bila kutumia nguvu nyingi, maana inakatika, jaza mpaka kwenye alama, na ufunge. Ikiwa mkono ungali laini kidogo, ufunge kwa mpira ukiwa umevutwa kwenye gidoni, na uuache usiku kucha. Mapovu madogo yanapanda polepole na kutoka kikoponi.

Kisha chunguza jambo moja zaidi. Inua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono. Likiwa zito, plaketi zinasugua disiki wakati wote, na hiyo ndiyo inapika mafuta yako. Mara nyingi ni vipini ambavyo kishikio cha plaketi kinatelezea juu yake. Vimekauka na kushikwa na matope. Vitolewe, visafishwe, vipakwe grisi kidogo inayovumilia joto, lakini isiguse plaketi wala disiki.

Na neno juu ya kikopo: mafuta yakishuka, usikimbilie kuongeza tu. Plaketi zikiisha, pistoni inatoka zaidi na mafuta yanashuka yenyewe. Angalia plaketi kwanza. Zikibaki chini ya milimita 1, ao zikifikia mfereji wa alama, zimekwisha.

Kwa wenye tamburi

Kwenu hakuna hewa wala mafuta ya freni. Mkono ukiwa mrefu na laini, tafuta hapa:

Kable. Iangalie pale inapoingia kwenye mkono. Uzi mmoja ukikatika, zingine zitafuata, basi ibadilishe sasa. Ikiwa imekauka, ining'inize na kudondoshea mafuta ya injini kutoka juu mpaka yatoke chini.

Marekebisho. Mkono wa mbele uwe na uhuru wa milimita 10 mpaka 20 mbele ya kukamata, na pedali ya nyuma milimita 20 mpaka 30. Kaza nati mpaka ufikie hapo, halafu zungusha gurudumu. Lisisugue.

Garnitiri zilizokwisha. Pikipiki nyingi zina mshale kwenye kimkono cha tamburi. Ukikamata freni na mshale ukafika kwenye alama, garnitiri zimekwisha. Kama hakuna mshale, angalia kimkono chenyewe: freni ikishika, kimkono na kable vifanye kona iliyo sawa. Kikipita pale, unapoteza nguvu hata ukikaza nati mpaka mwisho. Garnitiri zikibaki milimita 2, weka mpya. Hapana kuongeza kipande cha bati ndani ili «zisukume zaidi», kama wengine wanavyofanya. Kipande kile kikitoka, gurudumu linaweza kujifunga ghafula.

Ndani ya tamburi. Toa vumbi kwa kitambaa kibichi, usilipulize kwa mdomo, maana vumbi lile linaharibu mapafu. Ikiwa garnitiri zinangʼaa, zisugue kidogo kwa msasa. Ikiwa zimekunywa grisi, tupa. Ule msumari mnene unaotanua garnitiri upakwe grisi kidogo sana.

Kila mara ukikaza sheni, gurudumu la nyuma linarudi nyuma na fimbo ya freni inakazwa pia. Rekebisha freni upya, la sivyo inasugua njia yote na kuungua. Chunguza pia chuma kinachozuia tamburi isizunguke: nati yake na pini yake ziwepo. Kikitoka, tamburi inazunguka na kuvunja kila kitu.

Ukiisha kuvuka mto, garnitiri zina maji. Tembea polepole na kushika freni kidogo kidogo mpaka joto lizikaushe, mbele ya kuingia mteremko.

Kushuka kwa akili

Freni nzima nayo inashindwa na motari mjinga. Kuna vijana wanaozima injini kule juu na kushuka bila vitesi ili kupunguza mafuta. Wanaokoa petroli ya franga chache na kutia sufuria yote ile ya joto ndani ya freni. Shuka katika vitesi ya kwanza ao ya pili, injini ikiwaka. Injini yenyewe inazuia. Shika freni kwa nguvu kidogo, achilia, shika tena. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa wazi, abiria ashuke, ngoja ipoe yenyewe. Hapana kumwagia maji ya baridi juu ya disiki ao tamburi ya moto, inaweza kupinda ao kupasuka.

Wengine wamefungua kable ya mbele na kuitupa, wakisema freni ya mbele inaangusha. Kwenye udongo wenye utelezi, kweli, uishike kwa upole. Lakini kwenye barabara ngumu na kavu, gurudumu la mbele ndilo linafanya kazi kubwa ya kusimamisha, maana uzito wote unakimbilia mbele. Kuondoa freni ya mbele ni kujikata mkono wa kuume.

Nani atalipa?

Sasa tuongee na wenye pikipiki, kwa maana ugonjwa mwingine hauko kwenye chuma. Baba amemkabidhi kijana pikipiki. Kila jioni anangoja hesabu yake. Kijana anajua garnitiri zimekwisha, lakini akizinunua, hesabu haitatimia, na baba atampa mwingine kazi. Basi ananyamaza na kukaza nati. Siku ya kuanguka, baba anasema, «Kwa nini hukuniambia?»

Baba, mwulize mbele ya siku ile. Fanyeni mapatano yaliyo wazi: vyombo vya freni vinatoka kwenye hesabu mbele ya pesa kufika mkononi mwako, wala kijana halaumiwi siku anayosimamisha pikipiki juu ya freni. Garnitiri na chupa ya mafuta ya freni ni vitu vya bei ndogo ukivilinganisha na mguu uliovunjika, na kule mlimani hospitali iko mbali, na mgonjwa atabebwa kwa machela.

Na wewe mama unayepanda na mtoto mgongoni, una haki ya kuuliza, «Mwanangu, freni zako zinakamata?» Motari mwema hatakasirika. Atakamata freni zote mbili, atasukuma pikipiki mbele, utaona magurudumu hayatembei. Akikataa, ngoja mwingine.

Kila asubuhi, mbele ya abiria wa kwanza

1. Kamata freni ya mbele: ni ngumu, haifiki kwenye gidoni?
2. Kanyaga ya nyuma: inakamata mbele ya kufika chini?
3. Angalia kikopo, tiyo na kable.
4. Zungusha magurudumu: hayasugui?
5. Tembea mita 10 kwenye tambarare na usimame kwa kila freni peke yake. Fanya hivyo hasa baada ya kutengeneza. Plaketi na garnitiri mpya hazikamati vizuri siku ya kwanza, basi uzizoeze bila mzigo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Ni nani katika jamaa yetu anayelipa vyombo vya pikipiki, na tulipatana lini? Mafuta ya freni yalibadilishwa mwaka gani? Je, kijana wetu anaweza kusema «leo sishuki» bila kuogopa?

Mwezi ujao tutaongea juu ya pine na hewa yake. Tumeni maswali yenu kama kawaida. Mubaki salama, na mushuke polepole.